Kufuta picha siyo kuomba radhi: neno langu kuhusu Roman Holiday

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka huku Mikindani, Mtwara. Mwandishi wenu wa ukurasa wa burudani kaandika juzi kwamba zile komedi za mapenzi za kizamani za Hollywood ukishaona moja umeziona zote, wanakutana, wanagombana, wanapatana, wanaoana, basi. Nimelisoma hilo gazeti pale gengeni kwangu, nikalikunja, jioni nikalirudia tena maana limeniuma. Ipo moja ambayo hawaoani, wala hakuna harusi mwisho, na mi naipenda kuliko muvi yoyote niliyowahi kuiona, na kinyongo nayo ninacho pia, na vyote viwili naomba nivieleze hapa kama utanipa nafasi.

Inaitwa Roman Holiday, ya mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, dairekta wake William Wyler, huyo huyo aliyekuja kutengeneza Ben-Hur ya 1959. Wanaocheza ni Audrey Hepburn na Gregory Peck. Mpwa wangu aliileta kwenye flashi, tukaiangalia kwangu siku ya Jumamosi baada ya magharibi, mimi, jirani yangu mmoja, watoto wamejazana mkekani, na shangazi yangu mtu mzima ambaye ni kungwi anayejulikana huku kwetu, mabinti wengi wa mtaa huu wamepita mikononi kwake. Kiingereza hakijui hata neno, kwa hiyo mpwa alikuwa anasoma maandishi ya chini anatutafsiria, akichelewa shangazi anampiga kigoti, haya sema huyo kasemaje.

Kwa wasioijua, kisa ni hivi. Kuna binti wa kifalme anaitwa Ann, nchi yake haitajwi mwanzo mpaka mwisho, yuko kwenye ziara ya Ulaya, London, Amsterdam, Paris, sasa kafika Roma. Usiku kuna dhifa, anasimama kupokea wageni mstari mreefu, wakubwa kwa wakubwa, na huku chini ya gauni mguu umemchoka akavua kiatu kimoja apumzike, kiatu kikaanguka, anakitafuta kwa kidole cha mguu na usoni anatabasamu vile vile. Wanawake wote sebuleni kwangu walicheka kicheko kimoja pale, maana nani hajasimama na viatu vinavyobana kwenye shughuli ya watu. Afu akiwa chumbani yule bibi anayemlea anamsomea ratiba ya kesho, saa fulani hivi, saa fulani vile, mpaka anachotakiwa kuwajibu watu kimeshaandikwa, na maziwa na biskuti kaletewa kama mtoto mdogo. Binti anapiga kelele, analia, daktari anakuja kumchoma sindano ya usingizi.

Hapo ndo shangazi akasema, "Huyo mwali huyo. Na yule bibi ndo kungwi wake."

Mhariri, mi hiyo muvi nilishaiona miaka ya nyuma kwenye banda la video, nikaiona kama stori ya mapenzi tu, lakini baada ya neno lile la shangazi sikuweza tena kuiona hivyo. Huku kusini, uwe Mmakonde, Mmakua, Myao au Mmwera, unajua mwali ni nani. Anawekwa ndani, anafundwa, anaambiwa ukae hivi, umwamkie mkubwa hivi, hili useme na hili usiseme, ya ndani zaidi siyaandiki hapa. Siku ya kutolewa ananyolewa, anavalishwa kanga mpya, anatoka nje watu wanamtunza. Mimi mwenyewe nilinyolewa, nakumbuka upepo wa bahari kichwani siku ile.

Sasa angalia yule binti anafanya nini. Usiku ule ule kabla sindano haijamkolea anatoroka, anajificha kwenye gari la mizigo, anaruka mjini, usingizi unamshika kwenye kijiukuta cha barabarani. Asubuhi yake kitu cha kwanza cha maana anachofanya ni kuingia kwa kinyozi akasema zikatwe. Kinyozi anamuuliza, mpaka hapa? Anasema juu zaidi. Anauliza tena, anasema zote. Kinyozi anaumia roho kabisa, na yeye akijiona kwenye kioo uso unafunguka kama mtu aliyetolewa ndani leo. Shangazi aligonga goti lake, "Kajitoa mwenyewe, bila kungwi!" Alisema kwa hofu kidogo na kwa furaha, vyote pamoja, na hivyo ndivyo muvi yenyewe inavyotaka umwonee yule binti, umhofie na umfurahie.

Na Audrey Hepburn ndo aliyeibeba. Wakati wanapiga picha hizo, kiangazi cha 1952, alikuwa na miaka 23 na huko Marekani watu wa sinema walikuwa hawamjui, jina kubwa lilikuwa la Peck. Peck mwenyewe ndo aliyewaambia waliandike jina la yule dada juu pamoja na la kwake, na kweli Oscar ya mwigizaji bora wa kike akaichukua kwa muvi hii hii. Muvi ilipata Oscar tatu kwa jumla, hiyo yake, ya mavazi aliyopata Edith Head, na ya stori, hiyo ya stori nitairudia kwa sababu ina mambo. Miaka mingi baadaye huyu dada akawa anazunguka na UNICEF, 1988 alikwenda Ethiopia kwenye njaa, 1992 akaenda Somalia, 1993 mwanzoni akafariki. Nayasema haya kwa sababu ukimwangalia usoni pale anapokula aiskrimu kwenye zile ngazi za Uhispania huoni mtu anayejifanya mwema, unaona mtu.

Sasa tuje kwa mwanaume. Joe Bradley ni mwandishi wa habari, Mmarekani anayefanya kazi Roma, mfukoni hana kitu, kodi anadaiwa. Ndo anamkuta yule binti kalala barabarani, hamjui, anadhani kalewa, anamchukua kwenye teksi na mwisho anampeleka kwake. Kesho yake kachelewa kuamka, mkutano wa waandishi na binti wa mfalme umempita, anamdanganya bosi wake kwamba alienda, bosi anamwonyesha gazeti, binti wa mfalme kaumwa ghafla na mkutano umefutwa, na picha yake hii hapa. Joe anaangalia picha. Ni yule aliyelala nyumbani kwake.

Kuanzia hapo anaacha kuwa mtu aliyemsaidia binti, anakuwa mtu anayemvizia. Anaelewana na bosi stori ya ndani ya binti wa mfalme iwe ya dola 5,000, wanawekeana na dau la 500 juu yake. Anamchukua rafiki yake Irving, mpigapicha, ambaye ana kikamera kimefichwa kwenye kiberiti cha gesi, anajifanya anawasha sigara kumbe anapiga picha. Na binti akimuuliza Joe unafanya kazi gani anajibu anauza mbolea, madawa madawa, ni kama huku kwetu mtu akwambie anauza salfa ya mikorosho na kumbe kakuchomekea simu inakurekodi. Binti naye anadanganya, anajiita Anya, anasema ni mwanafunzi, lakini uongo wa binti ni wa kujikinga na uongo wa Joe ni wa kuuza, hizo si kitu kimoja na naomba mtu asinichanganyie.

Pale pa Mdomo wa Ukweli ndo penye utamu wote. Ni sura ya jiwe kubwa iliyo kwenye baraza la kanisa la Santa Maria in Cosmedin, wenyeji wanasema ukiingiza mkono mdomoni na wewe ni mwongo unang'atwa. Joe anamwambia binti ingiza. Binti ananyoosha mkono, anaukaribia, anaurudisha, hawezi. Afu anamwambia Joe haya wewe. Joe anaingiza, ghafla anapiga kelele, anavuta mkono umekatika, kumbe kauficha ndani ya mkono wa koti. Inasimuliwa kwamba Peck hakumwambia mwenzie kama atafanya vile, na ile kelele ya Hepburn ni kelele ya kweli, na ukiiona utaamini. Watoto mkekani walicheka mpaka wakagaragara. Lakini mi naona pale wapo waongo wawili mbele ya jiwe, mmoja kaogopa jiwe na mwingine kalifanyia mzaha, na aliyeogopa ndo mwenye uongo mdogo. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, na hii muvi inaijua hiyo njia vizuri maana jua halijazama mara mbili kabla Joe hajabanwa na uongo wake.

Hapa naomba nirudi kwenye ile Oscar ya stori. Aliyepewa mwaka 1954 ni Ian McLellan Hunter. Lakini aliyeibuni stori ni Dalton Trumbo. Mwaka 1947 Trumbo aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa inasaka wakomunisti, akakataa kujibu maswali yao, 1950 akafungwa jela, na studio zikawa hazimpi kazi kwa jina lake. Hunter, rafiki yake, akamwazima jina. Trumbo alikufa 1976 hajaishika ile Oscar mkononi, 1993 ndo wanaotoa hizo Oscar wakakubali ni ya kwake, akaipokea mjane wake, na 2011 chama cha waandishi wa sinema nacho kikamrudishia jina kwenye uandishi wa muvi nzima. Nilipoyajua haya nilikaa kimya muda mrefu. Binti anayeficha jina lake, mwandishi wa habari anayeficha kazi yake, na aliyewatunga wote wawili naye kafichwa jina. Siri ya mtungi aijuaye kata. Hakuna mtu wa nje angeweza kuandika vile jinsi mtu anavyotembea barabarani mchana kweupe na huku jina lake halipo.

Sasa udhaifu, maana sikuandika kuisifia tu.

Kwanza mimi ni mtu wa genge, nauza nyanya, bamia, nazi na limau, kwa hiyo ile sehemu ya Vespa mi nimeiona kwa jicho la gengeni. Binti anashika usukani wa pikipiki hajui kuendesha, wanapita kwenye watu, kwenye meza za mgahawa, kwenye biashara za watu, vitu vinapinduka, na muziki unatuambia tucheke. Watoto wakacheka. Mi nilikuwa naangalia vilivyomwagika chini. Wanapelekwa polisi wote, na wenye mali zao wanalalamika kwa Kitaliano ambacho hakitafsiriwi, mikono hewani, afu Joe anasema tulikuwa tunawahi kanisani kuoana, hapo hapo wenye hasara wote wanafurahi, wanawapongeza, kesi imekwisha. Jamani! Uongo wa harusi umelipa nyanya za watu? Roma ile ilikuwa ni miaka saba tu tangu vita iishe, mtu mwenye meza yake barabarani siku hizo ile meza ndo chakula cha watoto wake. Muvi yenyewe inajisifu mwanzoni kabisa, kwa maandishi, kwamba yote imepigwa Roma, na kweli mji unauona, mto, ngazi, magofu, unatamani ufike, lakini watu wa mji ule wamewekwa pembeni wapige kelele na kutabasamu. Kinyozi peke yake ndo kapewa utu kidogo.

Ile ngumi ya kwenye boti ya dansi usiku nayo ni ndefu mno, majamaa wenye suti nyeusi na kofia wanapigana na watu, binti anampiga mmoja gitaa la kichwa. Watoto waliipenda. Haya.

Kinachoniuma hasa ni kingine, na kiko mwisho, mahali hapo hapo panaponiliza kila nikipaona.

Baada ya ngumi wanaruka mtoni, wanaogelea, wametota, wanabusiana. Wanarudi nyumbani kwa Joe, binti anasema anaweza kupika, lakini chumba hakina jiko, na wote wawili wanaelewa kwa maneno machache sana kwamba hawatakuja kuwa na jiko moja. Joe anamrudisha kwa gari mpaka karibu na ubalozi. Binti anamwambia mimi nitashuka, nitaingia ile kona, usiniangalie, niahidi. Na anaondoka. Huko ndani wakubwa wake wanataka kumkemea kuhusu wajibu, anawajibu kwa utulivu kwamba kama asingeujua wajibu wake kwa ukoo na nchi yake asingerudi usiku ule wala asingerudi kabisa. Yule bibi anakuja na maziwa na biskuti, binti anakataa, anawaambia waende. Shangazi aliinuka pale, Mhariri, mtu mzima yule na magoti yanamuuma akainuka. "Sasa ametoka," akasema. "Sasa ndo ametoka ndani kweli."

Kesho yake Joe anamwambia bosi hakuna stori. Hana hela, kodi anadaiwa, dau kapoteza, na anasema hakuna stori. Irving picha zote anazo, nzuri, za kumtajirisha mtu, naye anaziacha. Wanaenda kwenye mkutano wa waandishi, binti anaingia na mavazi yake ya kifalme, anawaangalia waandishi, na pale ndo anamwona Joe kasimama katikati yao. Ndo anajua. Wengine hawajui chochote. Wanamuuliza maswali ya siasa, yeye anasema ana imani na urafiki wa mataifa kama alivyo na imani na urafiki wa watu, na Joe anajibu kwa niaba ya shirika lake la habari kwamba imani ya mtukufu haitasalitiwa. Wanaulizana na kujibiwa mbele ya ukumbi mzima na hamna aliyeelewa isipokuwa wao watatu. Akiulizwa mji upi kaupenda anaanza jibu la ratiba, kila mji una yake, afu anakatiza katikati, anasema Roma, Roma bila shaka. Anashuka kuwapa mikono waandishi. Irving anamkabidhi bahasha ya zile picha, anamwambia ni ukumbusho wa Roma. Joe anataja jina lake na kazi yake, safari hii ya kweli, binti anasema amefurahi. Anapanda, anageuka, anatabasamu na machozi yako hapo hapo. Anaondoka. Ukumbi unabaki mtupu, Joe anatembea peke yake mpaka mlangoni, mikono mfukoni.

Hakuna harusi. Sijui komedi nyingine ya zama zile iliyothubutu kumwacha mwanaume atembee ukumbi mzima vile huku tukimwangalia, na ndo maana nasema mwandishi wenu kakosea.

Lakini Joe hakuomba radhi. Hata mara moja, Mhariri. Alikuwa naye kwenye gari, usiku, wawili peke yao, alikuwa na nafasi ya kusema mimi siuzi mbolea, mimi ni mwandishi, nilitaka kukuuza, nisamehe. Hakusema. Kamwacha binti akaja kugundua mbele za watu, amesimama jukwaani, mahali ambapo hawezi kuuliza wala kulia wala kutukana. Jirani yangu kanibishia sana, anasema zile picha ndo radhi yenyewe, mwanaume kaacha dola 5,000, unataka nini tena? Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nakubali nusu. Kuacha hela ile ni jambo kubwa, mi mwenyewe sijui kama ningeiacha. Ila nitakwambia kwa nini nusu nyingine siikubali.

Mwaka jana tulimtoa mwali, binti wa ndugu yangu. Wakati akina mama wako ndani, kijana mmoja wa jirani akarekodi kwa simu kupitia dirishani. Usiku huo huo imo kwenye magrupu ya WhatsApp, mtoto wetu anaonekana, nyimbo za ndani zinasikika, watu wanaweka vicheko. Yule mtoto hakwenda shule wiki mbili. Shangazi ndo alikuwa kungwi, miaka yake yote ile siri imekaa kwenye kuta, siku moja imetoka kwa dirisha. Tulienda kwa wazazi wa kijana, tukakaa barazani, wakatuambia ameshafuta, ishu imeisha. Na kweli kafuta, kwenye simu yake na kwenye lile grupu, alituonyesha. Lakini hakumwangalia mtoto wetu akasema nimekukosea. Kufuta siyo kuomba radhi. Kufuta unafanya peke yako na simu yako, radhi inabidi uende kwa mwenyewe. Mtoto mpaka leo anapita njia ya nyuma kukwepa nyumba ile.

Kwa hiyo nikimwona Joe na Irving wanakabidhi bahasha, moyo wangu mmoja unashukuru, wametenda alichoshindwa yule kijana, maana zile picha hazikutoka kabisa, na wamezirudisha mkononi kwa mwenyewe. Moyo mwingine unamtazama binti akiwa kule juu na unakumbuka ile kamera ya kwenye kiberiti, kila alipocheka mchana ule mtu alikuwa anambonyeza, akipiga gitaa anapigwa picha, akivuta sigara ya kwanza maishani mwake anapigwa picha. Muvi inamsamehe Joe kwa niaba ya binti, haraka, kwa sababu Peck ana sura nzuri na sauti nzito. Laiti Trumbo angempa sentensi moja tu ndani ya lile gari. Moja. Ukimya wa mle garini ningeupoteza na ningeulilia, lakini ningekubali.

Nilimuuliza shangazi anaonaje. Hakuangalia upande wangu wala wa jirani. Alisema yule binti hakumsamehe kwa sababu kaombwa, kamsamehe kwa sababu yeye ndo mkubwa pale, na mkubwa anaweza kutoa kabla hajaombwa. Hiyo siwezi kuipinga, lakini mtoto wetu ana miaka kumi na tatu, yeye nani kamwambia awe mkubwa.

Naomba mambo mawili Mhariri. Mwambie mwandishi wenu akae aiangalie hii muvi mpaka ule ukumbi mtupu, dakika zote 118, afu aandike tena, na akiandika aweke jina la Dalton Trumbo, maana juzi mmeorodhesha muvi kumi za zamani na mastaa wake na hakuna hata moja mliyosema nani kaitunga. La pili, wapigapicha wenu wakija huku msimu wa kuwatoa wali, wabishe hodi mlangoni, waulize. Tutawaambia lipi la nje na lipi la ndani, ya nje tutawachezea wapige mpaka wachoke.

Mpwa wangu anarudi na flashi Jumamosi. Shangazi kasema anataka aonyeshwe tena pale kwa kinyozi, na safari hii yule mtoto wetu aje akae naye mkekani.

Msomaji wenu,
Mikindani, Mtwara